Sahani ya Marehemu

Siku ile tulikuwepo mimi, mdogo wangu wa kike, mumewe ambaye ni Mwairishi, binti yao wa miaka saba aliyevaa nguo nyeusi zilizochorwa mifupa, na mama mkwe wa mdogo wangu. Mdogo wetu wa mwisho, wa kiume, ambaye ni nesi, alikuwa bado kazini. Marehemu baba mkwe naye alihesabiwa, maana kiti chake kilikuwepo.

Mdogo wangu alikuwa ameniandikia kwenye simu: "Dada, Jumamosi uje kwangu Kilburn, tunafanya Samhain." Mimi shule niliiacha kidato cha pili, wazazi wetu walipofariki, ili hawa wawili wasome. Nikasoma "samahani". Nikamjibu: "Umefanya nini tena?" Alicheka hadi akanipigia. Kumbe ni Halloween yenyewe, ile ya wazee wa Ayalandi, na hutamkwa "sawin". Kwa imani yao, usiku huo marehemu hurudi nyumbani, hivyo huwekewa kiti, mshumaa dirishani, na sahani ya chakula ambayo hakuna anayeigusa mpaka asubuhi.

"Huyu mama hajakanyaga kwangu tangu harusi," mdogo wangu aliniambia jikoni, tukiponda viazi na kabeji. "Amekuja kwa ajili ya mumewe tu. Dada, nakuomba, leo kisiharibike kitu."

Haya. Nikaponda. Mama mkwe akasimama nyuma yangu, akasema siagi haitoshi, nikaongeza siagi. Akasema marehemu alipenda kishimo katikati ya viazi, siagi iyeyukie humo, nikachimba kishimo. Kengele ya mlango haikutulia, watoto wa mtaa wanadai peremende, na kila mara aliyeitwa kufungua ni mimi. Shemeji alikuwa anachonga uso kwenye boga tangu mchana, na boga lenyewe lilikuwa bado na jicho moja.

Tulipokwisha kula, mama mkwe akampakulia mumewe, akaongea naye kidogo kwa lugha yao, kisha akaenda sebuleni kwa mjukuu wake. Mimi nikaifunika ile sahani kwa sahani nyingine. Chakula hakiachwi wazi. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Mdogo wetu wa mwisho akaingia, sare ya hospitali chini ya koti.

"Shikamoo Dada."

"Marahaba. Pole na kazi. Nawa kwanza."

Kengele tena. Nikaenda kufungua. Niliporudi nilimkuta kwenye kile kiti, anakwangua sahani.

Kwetu sahani iliyofunikwa ina maana moja: kuna mtu hajarudi, na hicho ni chakula chake. Nilimfunikia hivyo miaka yote aliyokuwa anasoma. Angejuaje?

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Dada," mdogo wangu alininong'oneza, "kwa nini ulifunika?"

"Ulitaka kikae wazi?"

Yule mlaji akaruka kutoka kitini. Kiingereza kilimkimbia chote. "Samahani, mama! Samahani sana!"

"Sawin," mama mkwe akamsahihisha.

Mtoto akaangua kicheko, akatangaza kwa Kiingereza chake kwamba mjomba amekula chakula cha babu. Shemeji akasema viazi bado vipo kwenye sufuria, apakuliwe tena. Mama yake akakataa. Marehemu hapakuliwi mara mbili. Akachukua koti lake.

Nikamfuata hadi kwenye ngazi. Nikamwambia kosa ni langu, asimhesabie mdogo wangu, na kama ni kukasirika anikasirikie mimi.

"Usiniombe mimi," alisema. "Anayelala njaa ni mume wangu. Utampikia mwakani, usiku kama huu, humu humu. Nitakuja nione."

Sijazoea kuwiwa na mtu. Wiki iliyofuata nilipika viazi, nikachimba kishimo, nikampelekea kwake kwa basi, bakuli likiniunguza mapajani. Alivila mwenyewe mbele yangu, akaniosha bakuli, akanirudishia.

"Hii haihesabiki," alisema.

Mdogo wangu huniuliza kila tukionana kama mama mkwe wake atarudi kweli kwake, au alisema vile ili aondoke. Sijui nimjibu nini. Ninachojua ni kwamba nadaiwa sahani moja ya viazi na marehemu niliyemwona mara moja tu, kwenye harusi, na siku ya kulipa bado haijafika.