Nilivyoliacha kontena liondoke Guangzhou kwa sababu ya bolti zinazong'aa

Wakuu, habari za muda huu.

Haya yalinikuta mwenyewe. Pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, kila mwenye passport na nauli yuko Guangzhou. Mimi nilikuwa nachukua stationery Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla. Shule niliishia darasa la saba. Umeme nilijifunza kwa vitabu na kwa kufungua redio za watu, na nyingi zilirudi kwa wenyewe zikiwa nzima.

Dada yangu Zuhura alikuwa nesi wa zahanati kwenye kisiwa kidogo kusini kwetu. Friji ya chanjo ilikuwa ya mafuta ya taa. Mafuta yakikatika, chanjo inaharibika, na mama aliyekuja na mtoto mgongoni anarudi alivyokuja.

Upepo pale haukosi. Nikaamua nimpelekee mtambo mdogo wa umeme wa upepo.

Kiwanda tulikipata nje ya mji, mimi na Sudi. Sudi ni Mzanzibari, tulikuwa chumba kimoja Xiaobei, mtaa wa Waafrika, na Kichina alikimudu kuliko sisi wote.

Hofu yangu ilikuwa chumvi. Mtambo ungesimama hatua chache kutoka baharini. Nikaomba sampuli za bolti za mnara, nikaziloweka kwenye beseni: vijiko viwili vya chumvi kwa kila lita ya maji. Kila asubuhi nazitoa, nazitazama, naandika kwenye daftari.

Sudi akasema, "Bwana wee, wafuga samaki au waunga mchuzi?"

Siku tisa. Hakuna kutu. Nikatoa oda.

Jumatatu ya kufunga mzigo tulimkuta uani mwanamke wa Kichina amevaa glovu. Alikuwa mkaguzi wa kampuni kubwa ya Denmark, wale wanaosimamisha mitambo ya upepo katikati ya bahari. Alikuja kukagua bolti za ngazi zao.

Bolti za juu hakuzigusa. Alizamisha mkono kwenye kreti mpaka kwenye kiwiko, akachomoa moja kutoka chini, akaipima, akaiweka pembeni. Kisha kreti nyingine.

Nikamwomba Sudi amuulize kwa nini.

Mkaguzi akajibu bila kuinua macho: "Za juu amenipangia laoban. Za chini zimejipanga zenyewe." Laoban ni mwenye kiwanda, na alikuwa amesimama pale pale. Akacheka, lakini kidogo. Yule mama akaongeza, "Kule baharini, kubadilisha bolti moja ni kukodi boti na kusubiri hali ya hewa."

Wakuu, nilisikia aibu. Siku tisa nilikuwa nimepima sampuli. Mzigo wenyewe sikuupima hata dakika moja. Na sote tuliofanya biashara kule tunajua kwamba sampuli na mzigo ni vitu viwili.

Nikaenda kwenye kreti yangu, nikazamisha mkono. Zilizotoka zilikuwa zinang'aa kama vijiko vya harusi. Sampuli zangu zilikuwa za kijivu, zimefifia, zina mikwaruzo.

Sudi akafurahi. "Wamekupa nzuri zaidi."

Ni kinyume chake. Bolti ya kijivu imechovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, ina koti nene. Inayong'aa mara nyingi ina utando mwembamba tu wa zinki. Lakini sikutaka kubishana kwa maneno. Nikachukua sita, nikarudi kwenye beseni.

Alhamisi, nne zilikuwa na kutu kwenye nyuzi za kukazia nati. Kontena, tulilochangia na wenzangu, linafungwa Ijumaa.

Laoban akasema, "Mei wenti," hakuna tatizo, tukifika tupake rangi.

Sudi naye: "Bolti ni bolti, ndugu yangu. Nani atapanda juu ya mnara kuzitazama?"

"Hakuna," nikamwambia. "Ndiyo maana hazipandi."

Nikampigia Zuhura. Alikuwa ameshawatangazia akina mama.

"Ongeza mwezi mmoja," nikasema.

Akajibu: "Sawa, kaka. Nitawaambia ni wewe uliyesema."

Kontena likaondoka na vitu vya wenzangu. Mimi nikahamia kiwandani, kwenye kiti cha plastiki mlangoni kwa laoban, siku mbili, na daftari langu na zile bolti nne. Kila mteja aliyeingia aliuliza yule Mwafrika anauza nini. Siku ya pili jioni laoban akatoa amri zichovywe upya. Ziliporudi, nati ziligoma kuingia kwa unene wa zinki, ikabidi zipanuliwe. Nikachomoa ishirini kutoka chini, nikaziloweka tena. Safari hii zilikuwa salama.

Mtambo ulifika, ukasimama, na friji ikaacha mafuta ya taa.

Lakini niseme na hili. Katika mwezi ule nilioongeza, mafuta yalikatika mara moja, na chanjo zote zikamwagwa. Zuhura hajawahi kunilaumu. Aliniandikia tu ni watoto wangapi walirudishwa siku ile.

Somo langu: pima mzigo, usipime sampuli, na upime mapema. Kama ningezamisha mkono wiki moja kabla, nisingelazimika kuchagua. Ila kwa hali niliyoikuta Alhamisi ile, ningeliacha tena kontena liende.

Wenye uzoefu wa Guangzhou, na hasa mliowahi kufanya kazi zahanati, semeni. Mngepakia?