Picha ya Gulio la Handeni

Wajukuu zangu wakitoka kutazama sinema Tanga hurudi wakibishana ipi ni nzuri kuliko nyingine, kisha hunigeukia mimi niamue. Huwaambia hawajaona kitu. Picha nzuri kuliko zote haionyeshwi Tanga wala popote. Haina nyimbo, haina bunduki, na inakwisha kabla hujamaliza kutafuna karanga. Niliitazama mara moja tu, hapa Korogwe, enzi ya Mdachi, nami natamani kila mtu aitazame. Nikikasirika katikati ya maelezo mniwie radhi, maana hasira ya siku ile haijanitoka.

Wakati huo kaka yangu alikuwa amekufa. Ndivyo tulivyowaambia watu. Kweli ni kwamba alikuwa ametoroka shamba la mkonge. Alichapwa viboko hamsa ishirini kwa kosa la kumjibu nyapara, na kabla vidonda havijakauka akaingia porini, akaenda kwa mjomba wetu Handeni. Mtoro alitafutwa, na asipopatikana walishikwa ndugu zake. Baba alikwisha kufariki. Waliobaki nyumbani ni mama na mimi. Basi mama, ambaye sikupata kumsikia akidanganya hata juu ya chumvi ya mchuzi, akatangaza kwamba mwanawe amerudi kijijini kwetu Kwamndolwa na ndui, na kwamba ndui imemmaliza. Tukakata mgomba, tukauvika sanda, tukauviringisha kwenye mkeka. Kwa hofu ya ndui hakuna aliyeomba tufungue.

Sasa, kwetu Wazigua mazishi hayaendi bila mtani. Wa kwetu alikuwa Mnyamwezi aliyekuja zamani na misafara ya wapagazi, akabaki kufanya kazi ya reli. Tulimpenda sana, lakini siri hatukumwambia, kwa kuwa kinywa chake hakikuwa na mlango. Alichimba kaburi yeye mwenyewe, na alipomaliza, kama ilivyo haki ya mtani, akajilaza humo ndani akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Akasema marehemu alikuwa mvivu, hata kwenda kuzikwa ameona taabu kutembea. Watu walicheka huku wanalia. Mama akatoa jogoo.

Tulipobaki wawili mama aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, tumechimba kaburi kwa jina la mtu aliye hai. Litamngoja." Nilimkemea aache maneno hayo. Lakini tangu siku hiyo sikupita karibu na kaburi lile bila kuongeza mwendo.

Habari za kaka zilitufikia kwa wauza tumbaku. Alikuwa mzima, analina asali na kuiuza siku za gulio. Safari moja walituletea pia kichekesho: Mzungu mmoja alifika gulioni na kisanduku chenye miguu mitatu, akawa anazungusha mpini wake kama anayesaga kahawa, huku kisanduku hakitoi unga wala chochote. Tulicheka. Mama peke yake hakucheka. Aliuliza kile kisanduku kilikuwa kimeelekea wapi, wale wauza tumbaku wakamwona mama mzee ameanza kuchanganyikiwa.

Mvua zikapita, Mzungu yule akatokea Korogwe. Akida akapiga mbiu kwamba kila nyumba ipeleke watu ghala la pamba karibu na stesheni, wakaone picha zinazotembea. Madirisha yalizibwa kwa magunia, mchana ukageuka giza, na mlango ukafungwa nyuma yetu. Mbele kulikuwa na viti vya Wazungu, bwana wa shamba la mkonge akiwa katikati, na nyuma ya kiti chake alisimama nyapara yuleyule. Sisi tulikaa chini, mama, mimi, na mtani wetu kati ya watu wa reli.

Kwanza lilikuja gari moshi likitukimbilia, wanawake wakapiga kelele. Kisha watu wa Ulaya wakiteleza juu ya kitu cheupe kama unga. Nilifurahi, sifichi. Ndipo likaja gulio, nami nikalitambua. Lilikuwa la Handeni.

Alitokea upande wa kushoto, kibuyu cha asali begani. Alisimama, akatutazama usoni, akacheka kile kicheko chake cha kuinamisha kichwa. Mama alinibana mkono mpaka kucha zikaingia. Nilikuwa nasema moyoni, pita, kaka, pita upesi. Naye akaanza kugeuka aende zake.

Mtani wetu akaruka juu.

"Haa! Maiti wangu huyo! Nimekuchimbia kaburi nikamla na jogoo, kumbe unauza asali Handeni! Wazigua ninyi, hata kufa hamwezi!"

Ghala zima likaangua kicheko. Nyapara naye alicheka. Kisha akaacha, akageuka polepole, na hakutazama kitambaa cha picha. Alitutazama sisi. Akainama kwenye sikio la bwana wake.

Mtani aliuona uso wa mama, akakaa chini ghafla. "Mama," alinong'ona, "mbona hamkuniambia?" Macho ya mama yalikuwa bado kwenye kitambaa, ambako sasa walikuwa wanapita ng'ombe tu.

Mlango ulipofunguliwa mtani alitoka mbio, hakuaga kazini wala nyumbani, akashika njia ya Handeni. Boma la huko lilikwisha kupata habari, sijui kwa njia gani. Alikuta kibuyu kimepasuka mlangoni kwa mjomba na nyuki wamejaa juu ya asali iliyomwagika. Kaka alionekana stesheni, mnyororo shingoni, akipandishwa behewa la mizigo kuelekea pwani. Baadaye vita vikaja, na habari zake zikaishia hapo.

Kaburi lilibaki na mgomba wake. Kila masika mtani alikuja kulipalilia, kimya. Mara moja mama alimwambia, "Nitanie basi, baba, nisikie." Alijaribu, akashindwa, wakalia wote wawili.

Siku chache tu baada ya picha ile, mama alikwenda stesheni kumwomba yule Mzungu azungushe tena mpini wake, amwone mwanawe mara moja tu. Aliambiwa amekwisha ondoka na makopo yake.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, kama picha ile bado ipo kwenye kopo huko Ulaya, itafuteni. Ni fupi: wanawake na vikapu, kijana mwenye kibuyu, kisha ng'ombe. Atawatazama usoni na kucheka. Mtazameni vizuri, kwa niaba ya mama. Lakini mkimtambua, nyamazeni, mpaka apite.