Marieta wa Bweri, Ndugu wa Maiti Wasio na Wenyewe

Alizaliwa Buswahili mwaka 1894, akaitwa Kwangu. Kwa ubatizo akawa Marieta. Mumewe alikufa mapema, naye akahamia Bweri, kando ya mji wa Musoma, na mwanawe wa pekee, Kija. Mwaka 1942 Kija alichukuliwa jeshini, na baadaye serikali ikamwambia mama kwamba kijana amepotea Burma, kaburi lake halijulikani. Tangu hapo Marieta aliomba jambo moja tu: mtu yeyote huko awe amemfukia mwanawe.

Siku hizo ziwa lilitupa maiti kwenye ufuko wa Mwigobero, mjini Musoma, na asiye na ndugu alifukiwa na wafungwa katika shimo fupi, bila jina wala sala. Fisi walijua njia. Naandika kwa uchungu, maana sisi Wakristo tulipita tukiziba pua.

Mwaka 1946 Marieta alikwenda bomani kudai maiti wa mwanamume asiyemjua. Karani Silasi akamcheka. "Mama, anapewa ndugu tu. Na ndugu wakifiwa wananyoaga. Nywele zako hizo ni za msiba gani?"

Marieta akaazima wembe kwa kinyozi wa jirani, akajinyoa palepale barazani, damu ikimtiririka. "Haya, baba. Nipe ndugu yangu."

Silasi akampa. Tangu siku ile nywele zake hazikupata nafasi ya kuota. Watu walimkimbia, hata kisimani wakamwambia asubiri wao wamalize. Ole wetu! Ni Twalib pekee, fundi cherehani Mwislamu, aliyemkatia sanda. "Dada, huyu naye wa kwetu?" aliuliza kila mara. "Wa kwetu," alijibiwa.

Mwaka 1953 alikwenda Bunda kwa miguu kumzika mtu aliyeokotwa porini. Homa ikamwangusha njiani, akafa peke yake. Askari wa kule hawakumjua. Habari ya kikongwe aliyenyolewa ikafika Musoma, Twalib akadandia lori la pamba. Aliwakuta wafungwa wanachimba shimo fupi.

"Ni dada yangu," akasema.

Askari akaitazama kanzu yake, akaitazama rozari shingoni mwa maiti. "Mzee, acha mchezo."

Twalib akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa asubuhi hiyo, kimejaa mikwaruzo ya wembe.

Marieta amelala Bweri, na wapo wanaosema wamepona kwa kugusa udongo wake. Kija hajaonekana hadi leo. Nawe Mkristo, ukikuta maiti asiye na mwenyewe, usiulize ni wa nani. Nyoa.