Vidole vya Muuza Unga wa Uyoga

Jirani yangu muuza unga wa uyoga hawezi kuinadi bidhaa yake bila kuunganisha vidole vya mikono yote miwili. "Unaona? Sukari za uyoga zimeshikana hivi, mnyororo mmoja mrefu," anasema, kisha anachomoza dole gumba. "Na hili ndilo tawi lake. Askari wa mwili wakiligusa tu, usingizi kwisha!" Neno "betaglukani", ndilo jina la mnyororo huo, analitamka midomo mbele, kama anayepuliza chai ya moto, na mteja, asiyejua kama hilo ni jina la dawa au la mkwe wa mtu, anafungua pochi. Mimi shule niliiacha ikiwa bado inanihitaji, lakini lile dole gumba nalijua. Mama mmoja alipouliza kama unga utamfaa mwanawe mwenye homa, lilichomoza mpaka nikaogopa litang'oka. "Vijiko viwili tu, dada. Hospitali utaisahau."

Juzi nimepeleka goti langu hospitali, nani yuko wa kwanza kwenye foleni? Yeye, kandambili moja yake, nyingine ya mkewe. Amempakata binti yake anayechemka homa, vidole vimeshikana kwelikweli chini ya mgongo wa mtoto, dole gumba halionekani. Nesi akamuuliza amempa nini nyumbani.

"Sijampa kitu, sista. Hata kitu kimoja."

Nikamsogelea sikioni. "Na ule unga, jirani?"

Akanigeukia, macho mekundu. "Mzee, acha utani wako. Huyu ni mwanangu."