Mara Arobaini na Moja kwa Jina la Mjomba

Albano Benedikto alikuwa na makala tatu zilizochapishwa nje ya nchi. Kwa kituo kidogo cha takwimu za afya huko Temeke, chenye kompyuta mbili na feni moja, tatu zilikuwa nyingi.

Ya kwanza, ya mwaka 1989, ndiyo iliyofika mbali. Ilieleza namna ya kutambua kwamba kadi mbili za kliniki ni za mtoto mmoja. Mtoto wa Vingunguti aliweza kupelekwa zahanati moja na bibi yake akaandikwa Mashaka, mwezi uliofuata akapelekwa nyingine na shangazi akaandikwa Anwar. Katika hesabu za surua akawa watoto wawili. Albano aliyaacha majina. Alilinganisha mwezi wa kuzaliwa, tarehe za chanjo na balozi wa nyumba kumi, kisha akatunga programu ya kompyuta iliyofanya hivyo kwa kadi elfu kumi na moja. Watafiti wa Nairobi, Lima na Kalkuta waliitumia njia hiyo na kuinukuu makala yake katika makala zao.

Jina la mwandishi lilikuwa Albano Gaspar.

Gaspar alikuwa mjomba wake, kaka wa mama. Kwa Wamakua wa upande wa mama yake, kule Masasi, mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba. Gaspar ndiye aliyeuza korosho zake ili Albano asome sekondari. Baba mzazi, Benedikto, alikuwa Tanga akikata mkonge, na alikaa huko miaka kumi na tisa. Vyeti vyote vilibeba jina la baba, lakini Gaspar alifariki wiki ileile jarida lilipouliza jina la mwandishi liandikwe vipi. Albano hakuwa na kitu kingine cha kumpa marehemu.

Mwaka 1991 Benedikto alikuja kuishi kwa mwanawe Kiwalani, amekonda, anakohoa. Kiingereza hakukijua, ila majina aliweza kuyasoma. Jarida lilikuwa mezani.

"Huyu Gaspar ndiye aliyekuzaa?"

"Alinilea, baba."

"Nimeuliza kuzaa. Hao Wazungu wako wanadhani mie nilikuwa wapi?"

"Mkongeni," alijibu Filomena, mke wa Albano, kutoka uani, kisha akajutia ulimi wake.

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamkatiza. Kesho yake hakucheka. Alimwaga unga wa mtama kizingitini, akawaita wazee wake waliokufa mmoja mmoja, akawakabidhi Albano, mwana wa Benedikto, asiitwe tena kwa jina la ukoo mwingine. Albano, aliyehudhuria misa kila Jumapili, alipiga magoti kando ya ule unga na kuitikia. Makala mbili zilizofuata zilitoka kwa jina la baba. Hazikusomwa sana.

Mwezi Machi 1995 kituo kiliagizwa kupunguza watumishi. Kati ya watafiti saba wangebaki wanne, na kipimo kingekuwa makala za kila mmoja na idadi ya mara zilizonukuliwa na wengine. Kazi ya kuhesabu alipewa Munira, mkutubi, msichana wa Kinondoni aliyekuwa na subira ya kupekua fahirisi zenye herufi ndogo kama mbegu za mchicha. Chini ya jina Benedikto alikuta mara nne. Chini ya Gaspar, arobaini na moja.

"Kaka Albano, huyu Gaspar anakupita mara kumi," alimwambia. "Aibu jamani, mtu anajishinda mwenyewe!"

Munira alicheka. Kamati ya kupunguza watumishi haikucheka. Mwaka uliotangulia mtu mmoja alikwishajaribu kudai makala isiyo yake, kwa hiyo maneno ya wafanyakazi wenzake Albano hayakukubaliwa. Daktari Mholanzi aliyesimamia kazi ile ya kadi alikwisharudi kwao, na barua aliyoandikiwa ilirejea haijafunguliwa. Kamati ilitaka hati ya kiapo ya ndugu wa damu, kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, kabla ya Ijumaa ya pili ya Aprili. Watu wa mama walikuwa Masasi, na mvua zilikuwa zimeifunga barabara ya kusini. Dar es Salaam alikuwapo ndugu mmoja tu.

Siku tatu mfululizo Albano alirudi kutoka kazini akakaa mkekani na baba yake. Siku zote tatu waliishia kuzungumza habari za dawa. Filomena alimuuliza kama amekwishasema. Akasema bado.

Alhamisi asubuhi alisema hivi: "Baba, twende kwa hakimu. Ni suala la jina langu kazini. Utaulizwa kama unanijua."

"Kumbe wapo wasionijua," mzee alisema, akaomba koti lake.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo. Alimwamkia mzee, akamwapisha, akasoma karatasi iliyokuwa mbele yake.

"Mzee, huyu hapa ndiye Albano Gaspar?"

"Nani kasema?"

"Imeandikwa hapa."

"Basi umeandikwa uongo, mama. Gaspar hakuzaa mtoto huyu. Huyu ni Albano, mwanangu mie, Benedikto. Andika hivyo."

"Hajawahi kulitumia jina la Gaspar?"

"Hajawahi."

Hakimu alimgeukia Albano. "Una la kumuuliza mzee wako?"

Mzee alikuwa amesimama wima, kitu ambacho nyumbani hakukiweza tena bila kushika ukuta.

"Sina, mheshimiwa," Albano alisema.

Barua ya kupunguzwa kazi ilitoka mwezi Mei. Munira alikuja Kiwalani siku hiyo hiyo, akakaa uani na Filomena na Albano, hasira zimemjaa.

"Ungemkumbusha tu, kaka. Neno moja!"

"Nimwambie baba yangu mbele ya hakimu kwamba anadanganya?"

"Si ungemwambia hapa nyumbani, kabla hamjatoka!"

Filomena aliinuka akaenda kutazama sufuria iliyokuwa haijawekwa motoni.

Mzee Benedikto hakuambiwa kitu. Aliishi miezi mingine kumi na minne, na kwa muda wote huo kisa cha mahakamani kilikuwa chake. Jumatatu moja, saa nne asubuhi, alikuwa akimsimulia jirani yake, Mzee Sadallah, wakiwa barazani.

"Walitaka kunipora mtoto, bwana. Mpaka kwa hakimu walifika. Nikawashinda."

"Wewe nawe kwa kujikweza! Kweli hayo, Albano?"

Albano alikuwa amesimama mlangoni, bado na nguo za kulalia.

"Kweli, mzee," alisema. "Aliwashinda."