Mikono ya Mama Mapajani

Juzi wodini niliiona mikono ya mama juu ya shuka, viganja vimeelekea juu, nikaukumbuka mchana mmoja wa utotoni, kijijini kwetu Kigombe.

Mama alikuwa uani anasokota kamba, mikono inanuka makumbi ya nazi yaliyoozea matopeni. Eliza, mwenzake wa kwaya, akaingia mbio analia. Mwanawe alikuwa amekakamaa kwa homa, na gari la kumpeleka hospitali halijafika.

"Mama Petro, mchungaji amekwenda Muheza. Njoo umwombee wewe."

"Mimi? Mie hata kusoma sijui, dada."

"Njoo hivyo hivyo."

Tukaenda. Kanisani tulifundishwa kufumbata mikono tukisali, lakini mama aliifunua mapajani, akasema kwa sauti ndogo, "Bwana, wewe waniona." Akaishia hapo. Nilisikia mtoto akihema na kuku wakiparura nje. Nikaona aibu, kwa sababu hivyo ndivyo alivyotuonyesha mikono tulipomlilia maandazi naye hana kitu. Nilidhani anamwambia Mungu kwamba hana, kisha tutaondoka.

Hakuondoka. Alikaa vile vile mpaka gari likapiga honi.

Sasa mama hasemi tena. Juzi hiyo ndugu wote wodini walinigeukia mimi, mzee wa kanisa, niombe, na sala zote nilizozikariri zikanitoka kichwani. Mchana ule sikukosea: kweli alikuwa akimwambia Mungu hana kitu, ila alibaki. Nikavuta kiti karibu na kitanda, nikaifunua mikono yangu.