Akiba ya Ami Yakoub

Ami yangu Yakoub, karani mstaafu wa shamba la mkonge, alikuwa mtu wa kwanza mtaani kwetu Usagara kuwa na kompyuta nyumbani, na wa mwisho kujua inafanya nini. Mwaka tisini na nane aliniita kwa hasira. Alikuwa amezifuta kwa mkono wake mwenyewe barua arobaini za kulalamikia kuku wa jirani, na sasa programu ya kuhifadhia nakala haifunguki.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, Samiha. Kompyuta uliyonichagulia ni mbovu."

Nikabofya. Kioo kikaandika kwa Kiingereza kwamba inatakiwa disketi ya kwanza, ile iliyohifadhi nakala za barua. Mzee huyu, anayetuchosha kila Idi kwa Kiingereza chake, alikuwa akiufunga ujumbe huo mwezi mzima bila kuusoma.

"Disketi ziko wapi?"

Akachungulia mlangoni, kisha akaninong'oneza, "Nimezifukia."

Mwaka themanini na tatu, aliyekutwa na sukari nyingi alikamatwa kwa ulanguzi, basi ami akafukia gunia zima uani. Mvua ikalinywa lote. Siku hizi sukari imejaa madukani mpaka inamwagika, na yeye bado anachimba mashimo.

Tulizifukua chini ya mkomamanga, katika mfuko wa plastiki uliojaa tope na sisimizi.

"Akiba haiozi," akasema kwa fahari, akinikabidhi disketi iliyokuwa ikichuruzika maji. "Haya, ifungue."